Kalori Mia Tisa za Karani wa Mizani

Jumatatu, 3 Novemba 1975

Nimeanza shajara leo. Daftari jipya, kurasa mia na ishirini. Siku moja watu watataka kujua jinsi ilivyokuwa.

Mzee Alfonsi, balozi wetu wa nyumba kumi, amehamia Sudi kwa binti yake. Nafasi iko wazi. Mtaa wetu wote wa Mtanda, hapa Lindi, unajua nani anafaa: mimi, Abdurahmani Likwata, karani wa mizani katika ghala la korosho la ushirika. Miaka kumi na moja mbele ya mshale uleule. Wakulima wakinung'unika kuhusu uzito wa magunia yao mimi huwapa jibu moja tu, kwamba mizani haina mjomba. Wananyamaza. Ndiyo kazi ya uongozi.

Jioni tulikutana kwa katibu wa tawi, Ndugu Laurenti, kupendekeza majina. Yakatoka mawili, langu na la Benedikto, fundi cherehani wa nyumba ya pili kutoka kwangu. Benedikto ni mwembamba kiasi kwamba mashati anayojishonea mwenyewe yanampwaya. Alisimama akasema, kwa ule upole wake, kwamba yeye hana neno na Ndugu Karani. Ila watoto wa mtaa wamefundishwa shuleni kumchora kupe anayenyonya jasho la wakulima, na kila wakimchora, kitambi kinatoka kama cha Ndugu Karani.

Watu wakacheka. Laurenti naye alicheka, akijifanya anakohoa.

Nikainuka nikiwa nimekusudia kusema jambo la busara. Nikasikia mdomo wangu unaahidi kwamba siku ya uchaguzi, Jumapili tarehe kumi na sita, nitapanda mizani ya ghala mbele ya watu wote, na nitakuwa nimepungua kilo tano. Makofi. Benedikto alipiga kuliko wote.

Njiani Sada, mke wangu, aliuliza nitapunguaje. Nimemwambia nina mpango.

Sina.

Jumanne, 4 Novemba

Nimefika ghalani mapema kabla ya wachukuzi. Nimepanda mizani. Kilo tisini na nane. Nimeshuka, nimevua viatu, nimepanda tena. Tisini na saba na nusu. Kwa hiyo kumbe inawezekana!

Mchana nimekwenda kliniki pamoja na Sada, ambaye alijiunga na safari bila kualikwa. Muuguzi wa lishe ni Bi Skolastika, mama mmoja makini, tangu vipindi vya Chakula ni Uhai vya redioni hakuna sufuria mjini hapa asiyoijua. Alinieleza kwa lugha ya kazi yangu. Chakula kina nguvu ndani yake, na nguvu hiyo hupimwa kama korosho zinavyopimwa, ila badala ya kilo husema kalori. Ukiingiza nyingi kuliko unazotumia, zilizobaki zinakaa hapa. Akaonyesha kwa kalamu. Nimeudhika kidogo.

Amenipima uzito, tisini na nane. Amenipima presha, akaguna. Kisha akasema kwa mtu wa umbo langu anayefanya kazi ya kukaa, kalori elfu moja na mia nane kwa siku zinatosha. Nitapungua kama nusu kilo kwa wiki, na ndio mwendo wa salama. Nisishuke chini ya elfu moja na mia tano bila kliniki kuniangalia, maana nitapata kizunguzungu, nitaishiwa nguvu, na baadaye njaa itanifanya nile kila kilicho mbele yangu. Sada alipewa elfu moja na mia tano kwa umbo lake. Amepimwa pia, kilo sabini na nne. Ameandika kwenye kikaratasi akakifunga kwenye pindo la kanga.

Nimepewa orodha. Donge la ugali la ukubwa wa ngumi, mia mbili. Kijiko cha mafuta, mia moja na ishirini. Na kadhalika.

Sasa hesabu. Nusu kilo kwa wiki, wiki mbili, jumla kilo moja. Nimeahidi tano. Bi Skolastika hajui siasa. Isitoshe, wataalamu wote huzidisha kidogo, kama Benedikto anavyoacha kitambaa cha pindo. Nimegawa mara mbili. Kalori mia tisa. Nimezipigia mstari.

Sada ameuliza kama hiyo ndiyo namba tuliyopewa. Nimesema ndiyo, ila nimeondoa pindo.

Jumatano, 5 Novemba

Siku ya kwanza. Asubuhi chai ya rangi bila sukari. Mchana donge moja la ugali wa muhogo, kisamvu, dagaa wanane. Nimewahesabu. Usiku donge moja na nusu ya kipande cha samaki changu. Jumla kwa mujibu wa orodha: mia nane na themanini. Nimebakiza ishirini, sijui nizipeleke wapi.

Njaa ya ajabu. Saa nne asubuhi gunia la korosho lilinitazama.

Hapo ndipo nimegundua jambo ambalo hata Bi Skolastika hakulifikiria. Katika orodha yake ameandika kiganja cha korosho, mia moja na sitini. Hilo ni kosa, tena kosa la sera. Nimefanya kazi ushirika miaka kumi na moja na kila waraka unaokuja unasema wazi: kuna mazao ya chakula, yaani muhogo, mtama, mpunga, na kuna mazao ya biashara, yaani korosho, ufuta, pamba. Korosho haijapata kuwa chakula hata siku moja. Nani aliwahi kukaribishwa chakula akawekewa korosho? Mtu aliyetafuna korosho tangu asubuhi ukimuuliza kama amekula atakwambia bado, na hatakuwa amesema uongo.

Nimeikata kwenye orodha kwa rula. Mama Theresia, jirani yetu, hukaanga korosho langoni pa ghala na kuzifunga kwenye vifuko vya gazeti. Nimechukua vifuko viwili. Baadaye viwili vingine. Njaa imetulia kabisa na kalori zimebaki mia nane na themanini. Sayansi ni kitu kizuri ukiielewa.

Ijumaa, 7 Novemba

Baada ya sala Benedikto alikuwa amesimama mlangoni kwake na futi ya kushonea shingoni. Ameniuliza kwa heshima nyingi kama ningependa anipime kiuno, bure, ili tuwe na kumbukumbu. Nimemwambia kiuno changu si mali ya umma. Ameuliza aliyeahidi ni nani, yeye au mimi.

Nimeanza kampeni. Nyumba kumi, jioni moja nyumba moja. Leo nyumba ya wale wazee wa kijiji cha Milola waliohamia mjini. Nimewakuta mezani. Karibu, karibu, Ndugu Karani, umekuja na bahati yako. Nimesema nimekwisha kula. Mama mwenye nyumba akashusha uso. Uso ule ulikuwa na kura nne ndani yake: yake, ya mumewe na za vijana wawili.

Nimekula. Wali wa nazi na pweza.

Njiani nilikuwa na huzuni ya kweli, mpaka nilipofika kona ya bomba na kulitatua jambo hilo. Chakula kimepikwa katika chungu cha nani? Kuni za nani? Sasa iweje kalori ziwe zangu? Kalori ni za kaya iliyopika. Mgeni hupita tu. Sisi tunajenga nchi ya ujamaa, hatuwezi kumbebesha mtu mmoja kilichopikwa kwa ajili ya wote.

Nyumbani Sada alikuwa ameniwekea sahani yangu kama kliniki ilivyosema: ugali, kunde, mchicha, samaki. Nimekula nusu tu, kwa sababu ya zile mia tisa. Amenitazama nikila. Akauliza mbona midomo yangu ni myeusi. Nimesema ni vumbi la ghala. Masizi ya korosho yanaganda sana.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimepima. Tisini na tisa.

Nimetafakari kwa utulivu. Kwanza, nilikuwa na funguo za ghala mfukoni. Pili, nilikuwa nimekunywa madafu mawili, na maji ni mazito lakini si unene. Tatu, mwili unaopungua huanza kwa kukusanyika, kama magunia yanavyorundikwa mlangoni kabla ya lori kufika. Nimeridhika.

Mzee Petro wa Milola ameleta magunia manne. Huyu ni baba mkwe wa Benedikto, na kwa miaka yote kumi na moja hajaamini mizani yangu hata mara moja. Shikamoo mzee. Marahaba. Kisha huinama akaangalia chini ya mizani kama kuna mtu amelala humo. Leo tena amesema gunia lake nyumbani lilikuwa zito kuliko hapa. Nikamwambia mizani haina mjomba. Amenitazama tumboni, nami sikupenda alivyotazama.

Jumatano, 12 Novemba

Nyumba sita zimekwisha. Kwa Mama Theresia nimepewa ming'oko ya kuchemsha, ambayo huchimbwa porini na kwa hiyo haina kaya. Sijaiandika popote.

Sada anatembea kila alfajiri mpaka Mitwero na kurudi. Nimemuuliza anafuata nini. Amesema hafuati kitu, anatembea. Mtu mzima!

Nimeamua kushuka hadi mia sita. Siku nne zimebaki. Nimeondoa samaki wa usiku na nusu ya donge. Matokeo yake nimeongeza kifuko kimoja cha korosho ili nisidondoke kazini. Ni usalama wa kazi tu.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimefanya jambo ambalo nitaliandika kwa ukweli.

Wachukuzi walipokwenda kusali nilibaki peke yangu na mizani. Nyuma yake kuna skrubu ndogo. Ukiizungusha robo duara kwenda kushoto, dunia nzima inapungua kilo tano. Nilikuwa na bisibisi mkononi. Juu ya skrubu kuna lakiri ya serikali, ina nembo, na ile nembo ilikuwa kama inanitazama.  Nikarudisha bisibisi sandukuni.

Nilitaka kuandika hapa kwamba ulikuwa uadilifu. Ulikuwa woga, lakini matokeo ni yaleyale.

Badala yake nimenyoa nywele zote. Kucha za mikono na miguu pia. Kesho nitatafuta ule msuli mwepesi aliokuwa akijifunga marehemu baba.

Jumamosi, 15 Novemba

Sada ameomba kitu kimoja tu. Kwamba kesho nisipande. Niseme nimejaribu, nimeshindwa, watu wataelewa, hata Benedikto atakosa la kusema. Amesema yeye hajali kitambi, anajali ile presha ambayo Bi Skolastika aliigunia, na kwamba baba yake alidondoka shambani akiwa na miaka michache kuliko mimi.

 Nimetaka kumwambia kila kitu, korosho na nyumba saba na pweza.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nimepungua. Nadhani nilikuwa naamini.

Jumapili, 16 Novemba

Naandika nikiwa nimefunga mlango.

Mkutano ulikuwa uwanja wa mbele ya ghala. Nyumba kumi zote, watu wazima ishirini na sita. Na nyuma yao wakulima wa Milola kama kumi na watano, wanaosubiri kupima kesho, wamekaa juu ya magunia yao wakistarehe bila kiingilio. Mzee Petro mstari wa mbele. Bi Skolastika naye alikuwepo, kaalikwa na Laurenti ili aseme machache kuhusu lishe. Mizani ilitolewa nje. Mimi mwenyewe niliisafisha.

Nilitoka nikiwa na msuli wa marehemu baba, fulana, kichwa kinang'aa, miguu mitupu. Minong'ono. Laurenti alikumbusha ahadi: tisini na nane za kliniki, tisini na tatu leo. Nikapanda. Nikatoa pumzi yote niliyokuwa nayo.

Mshale ulipita tisini na tatu bila kusimama. Ukapita tisini na nane. Ukaenda ukasimama penye mia moja kamili, gunia zima la korosho na robo yake.

 Kisha Benedikto, kwa upole uleule, akauliza kama anasoma vizuri, maana macho ya fundi huchoka.

Na hapo, mimi Abdurahmani Likwata, karani wa mizani, mbele ya wakulima kumi na watano wa Milola, nimesema kwa sauti kubwa kwamba mizani hii ni mbovu.

Nilipoyasikia maneno yangu yalikuwa yamekwisha kufika. Mzee Petro aliinuka taratibu kutoka kwenye gunia lake. Akaniomba nirudie, eti masikio yake ni ya uzeeni.  Akawageukia wenzake akawaambia wamesikia wenyewe, miaka kumi na moja mizani haikuwa na mjomba, leo amepatikana. Wakasimama wote. Mmoja alianza kudai magunia yake ya mwaka sitini na nane. Mwingine alikwenda moja kwa moja kuangalia chini ya mizani. Laurenti aliita utulivu kwa sauti isiyosikika hata kwake mwenyewe. Mimi nilikuwa bado nimesimama juu, na msuli mwepesi, nikitamani kuwa mahali popote pengine. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Aliyekwenda katikati ni Sada. Hakupaza sauti. Alimwamkia Mzee Petro kwanza, akasubiri aitikie. Kisha akasema mambo mawili. Barua iandikwe leo hii kumwita mkaguzi wa mizani kutoka Mtwara, na Mzee Petro mwenyewe aitie kidole gumba. Na mpaka mkaguzi afike, pasipimwe hata kiroba. Mizani ikionekana mbovu, wakulima watadai haki yao naye atasimama nao. Ikionekana nzima, basi mume wake atakula anachopika yeye.

Wakulima waliangaliana. Mzee Petro akakaa. Wengine wakakaa.

Bi Skolastika akaniuliza, sasa mbele ya wote, nimekula kalori ngapi. Nikasema mia tisa, na siku za mwisho mia sita. Mama Theresia akakohoa. Akasema hapendi kuingilia, ila mimi huchukua vifuko vinne vya korosho kwa siku, na tangu Jumatano vitano. Nikaeleza kuhusu mazao ya biashara. Nilieleza vizuri, na nyaraka. Bi Skolastika alinisikiliza mpaka mwisho, akaandika kwenye kiganja chake: mia tisa za nyumbani, elfu moja na mia mbili za korosho. Kisha akauliza watu nani alinikaribisha chakula wiki hizi mbili. Mikono saba. Akajumlisha. Alisema sikukaa chini ya elfu tatu na mia tano katika siku za kampeni, na hapo hajui habari ya madafu. Na kwamba aliniambia tangu mwanzo: ukijinyima kupita kiasi, njaa itatafuta mlango mwingine.

Akasema pia kuna mtu aliyefuata namba aliyopewa. Sada akapanda mizani, na kanga zake na yote. Sabini na tatu. Amepungua kilo moja, kama alivyoambiwa.

Mama Theresia ndiye aliyeinuka kupendekeza jina la tatu. Laurenti alipekua kanuni, hakuona pa kukataza. Sada alisema hakuja kwa ajili hiyo. Wakasema ndiyo sababu.

Mikono ikahesabiwa. Benedikto mitano. Sada kumi na tisa. Mimi miwili.

Mmoja ulikuwa wangu. Niligeuka kuona wa pili ni wa nani. Ulikuwa wa Sada.

Jumatatu, 17 Novemba

Ghala limefungwa mpaka mkaguzi aje. Nimebaki nyumbani. Nimemuuliza balozi mpya kwa nini alininyoshea mkono mimi. Amesema alikuwa ameniahidi tangu tarehe tatu, na ahadi ni ahadi hata kama ya mwingine imezidi kilo saba. Kisha akaniwekea kunde. Nimezila zote. Sikuweza kumtazama usoni.

Jumamosi, 22 Novemba

Mkaguzi amefika kutoka Mtwara na mawe yake ya serikali kwenye sanduku la mbao. Wakulima wote wamejipanga. Jiwe la kilo ishirini, mshale ishirini. Hamsini, hamsini. Mizani ni nzima, lakiri haijaguswa. Nilitaka kusema kuhusu Ijumaa ile na bisibisi, ili nisifiwe, lakini niliona bora nisiseme.

Mzee Petro alisema mawe ni mawe, anataka kuona na kitu kinachojulikana. Nimepandishwa mara tatu. Mia moja, mia moja, mia moja. Mkaguzi ameandika kwenye fomu yake na kugonga muhuri. Kwa hiyo uzito wangu sasa una muhuri wa serikali, jambo ambalo si watu wengi Lindi wanaoweza kulisema. Wakulima wamerudi kupima. Mzee Petro amenisalimu kwa jina jipya, Jiwe la Ushirika, na naona litashika. Benedikto ameleta futi tena. Safari hii nimemkubalia, ananishonea suruali.

Jioni Balozi Sada amekuja na daftari. Kila nyumba katika nyumba zetu kumi itaandika inachokula, na kliniki itapita kuangalia. Nyumba yetu ianze, kwa mfano. Namba yangu ni elfu moja na mia nane na hakuna kuondoa pindo. Nimekubali kwa moyo wote. Nimejifunza mengi katika wiki tatu hizi.

Mkono wa Sada na wangu ni mikono miwili. Uchaguzi mwingine ukija, nikianza na miwili badala ya mmoja, tayari nimekua maradufu.

Nimeandika ya leo kwenye daftari la balozi, kwa mwandiko mzuri: uji, ugali, kunde, mchicha, changu mmoja. Jumla elfu moja na mia saba na hamsini. Amesoma, amefurahi, ametia sahihi.

Korosho vifuko vitatu. Hizo nimeziandika hapa tu, maana zile kurasa za balozi zina kichwa cha habari kisemacho Chakula.